Chumvi ya Chumba cha Nyuma

Mama alipougua tulimhamishia chumba cha nyuma, kwa sababu kilikuwa karibu na bafu. Hakuweza kulala chali. Alikaa kitandani ameegemea ukuta, kichwa kimelalia kushoto, homa ikimtoa jasho hadi gauni linashikana na mgongo. Alifia hapohapo, ameegemea.

Tulipoondoa kitanda baada ya mazishi, ukuta ulikuwa safi. Mvua zilipoanza, chumvi ikatokeza. Kwanza ilikuwa pembeni, karibu na mlango, kama inavyotokea kwenye nyumba yoyote iliyonyonya maji. Kisha ikaja pale palipokuwa na kitanda. Pale haikusambaa ovyo. Ilikuwa mgongo, mabega mawili, na kichwa kilicholalia kushoto.

Niliifuta kwa brashi. Ikarudi. Kichwa ndicho kilichotangulia kurudi.

Baba alileta kiti akakaa mbele yake. Alikuwa amefundisha kemia sekondari hadi kustaafu, na sasa hakutoka mle chumbani hata kula. Shangazi, dada yake, alikuja kukaa nasi kwa ajili hiyo. Akasimama mlangoni na sahani mkononi.

"Kaka, ukuta unatoa chumvi. Kuta za watu wote zinatoa chumvi. Sasa wewe umeoa ukuta?"

"Chumvi ipi?" baba akauliza.

"Mimi nitajuaje? Chumvi ni chumvi."

"Chumvi ina majina mawili, kama wewe. La kwanza la metali, la pili la asidi iliyoizaa." Akanigeukia. "Haidrokloriki?"

"Kloridi," nikajibu.

"Salfuriki?"

"Salfeti."

"Nitriki?"

"Naitreti."

Akagonga mkono wa kiti mara mbili kwa kifundo cha kidole. Ndivyo alivyonisifu tangu nikiwa mdogo, mimi namenya vitunguu, yeye ananiuliza. Hakuwa mtu wa kusema "Vizuri, mwanangu." Nikikosea alinyamaza. Nikipata, ko, ko.

"Asidi yenyewe huisha," akamwambia shangazi. "Jina lake ndilo linalobaki kwenye chumvi."

"Basi ipe jina uje ule. Hiki chakula hakina asidi, kinapoa tu."

Shangazi alikuwa ameshaongea na fundi aje kubandua plasta yote na kupiga mpya. Baba alikubali, ila kwanza ukuta upimwe. Chumvi ya saruji ni salfeti. Kama ile ya palipokuwa na kitanda nayo ni salfeti, basi ni unyevu tu, fundi aje, naye atarudi kulala chumbani kwake na kula mezani. Jasho la mtu na machozi yake ni kloridi. Ikiwa kloridi, tumwache akae naye.

Niliomba moyoni iwe salfeti. Nilikuwa nimeshazika mmoja.

Mwalimu aliyeshika nafasi yake shuleni alimwazima mirija na vichupa vitatu. Baba alikwangua unga wa pembeni, akauyeyusha, akaugawa kwenye mirija miwili, akatia kila mmoja tone la asidi ya nitriki. Kloridi ya bari ilipoingia mrija wa kwanza, maji yakawa kama maziwa. "Salfeti," akasema. Mrija wa pili aliutia naitreti ya fedha, inayoonyesha kloridi; haukubadilika.

Akainuka akakwangua lile bega. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kama wa mtu anayemfuta mgonjwa. Safari hii bari haikufanya kitu. Fedha ikatoa weupe mzito, kama maziwa yaliyokatika.

"Ni jasho lake, kaka," shangazi akasema, sauti ameishusha. "Ameegemea hapo miezi. Jasho liliingia ukutani, mvua imelitoa. Hata mimi nisiyejua kemia nalijua hilo."

"Ni jasho lake," baba akakubali. "Kwani mimi nimesemaje?"

Tukamwacha. Baadaye aliacha kiti akakaa sakafuni, mgongo wake kando ya ule mwingine, upande wa kulia. Tulimpelekea chakula hapo. Mvua hazijaisha, naye akafa hapo. Shati lake lilikuwa limegandamana na ukuta, ikabidi tulibandue taratibu.

Shangazi alirudi kwake. Fundi akaja, akabandua plasta hadi tofali zikaonekana, akapiga mpya, akapaka rangi. "Sasa hapa," akaniambia akiosha mwiko, "hata shetani akitaka kutoka itabidi abishe hodi kwanza."

Mvua zimeanza tena. Juzi rangi ilivimba, jana ikapukutika. Migongo ni miwili. Na kichwa cha mama hakilalii tena kushoto. Kimelalia kulia, begani kwa mwenzake.

Nilimpigia simu fundi, akasema atakuja kesho. Lakini kabla hajaja nilitaka kujua. Vichupa vya baba vingalipo kabatini. Leo asubuhi nimekwangua bega lake, nimeyeyusha, nimetia asidi, nimetia fedha. Maji yakawa meupe. Nikauweka mrija dirishani, na mwanga ukaugeuza ule weupe kijivu, kisha zambarau, kama kloridi ya fedha inavyogeuka.

"Kloridi," nikasema kwa sauti, kwa sababu maisha yangu yote nilizoea kumjibu.

Nyuma yangu, ukutani, ko, ko.

Fundi nimemwambia asije. Kiti cha baba kimo bado humu chumbani, ndicho nilichokalia nikiandika haya. Ukuta sijauegemea.