Boga la Mwalimu Stefania

Darka alikuwa amebeba sinia la vareniki, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, kwa mikono miwili, kwa hiyo alipomwona Zenko hakuwa na pa kujishikiza. Alibaki amesimama mlangoni. Jamaa alikuwa ameota mvi, ana kitambi na koti la Kikanada, lakini mahali palikuwa pale pale, ubavuni mwa jiko la vigae, mgongo ameuegemeza kwenye joto.

"Funga mlango, wewe, baridi inaingia!" akafoka Mwalimu Stefania kutoka mezani. Alikuwa anatimiza miaka themanini siku hiyo, na kila aliyefika alifokewa kama zamani. Wanafunzi wake wa darasa la jioni wakacheka, wakampokea Darka sinia.

Miaka ile, nchi ilipokuwa imepata uhuru juzi tu na kila mtu mkoani Halychyna ana mjomba au shangazi wa kumkimbilia ng'ambo, nusu ya kijiji ilikuja chumba hiki kujifunza Kiingereza. Mwalimu Stefania hakuwahi kumwona Mwingereza kwa macho yake, lakini hilo halikumnyima usingizi. Alipanga viti mstari mmoja mbele ya ubao, akampa kila mtu neno, na sentensi ikakaa vitini.

Shida yao ilikuwa maswali. Kwao mtu hupandisha sauti mwishoni, basi, ameuliza. Kiingereza hakitaki hivyo, kinataka mtumishi. Kuna neno "do", kajineno kasiko na maana ya kujitegemea, ambalo sentensi ikiwa ya kuarifu halionekani kabisa, lakini ukitaka kuuliza hulazimika kukimbia likakae mbele ya wote, kama "je". Zenko ndiye alikuwa "do". Darka alikuwa "wewe", kiti cha kwanza. Kwa hiyo wenzao walipoarifu, Zenko alisimama kando ya jiko kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Mwalimu akipiga meza na kusema "Swali!", mbio, Zenko huyo, anaburura kiti na kuketi karibu na Darka mpaka viwiko vinagusana.

Darka aliyapenda maswali yale kuliko kitu chochote duniani. Alizichukia sentensi za kuamuru, kwa sababu Kiingereza kikiamuru hakimtaji anayeamriwa, na yeye alitolewa kitini akasimame dirishani. Za kushangaa zilikuwa kelele tupu. Lakini swali! Kiwiko cha Zenko kilikuwa na joto la jiko, na koti lake lilinuka moshi wa mti wa mtufaha. Hadi leo, mtu akichoma matawi ya mtufaha, Darka husimama njiani akasahau alikokuwa anakwenda.

Kisha vuli ile Zenko akaenda Winnipeg kwa mjomba wake bila kuaga. Darka alilia, akakasirika, akaacha kulia. Akaolewa na Roman, daktari wa mifugo, mtu mwema ambaye hakustahili kulinganishwa na yeyote, wala yeye hakumlinganisha. Roman alikuwa amefariki miaka kadhaa sasa. Swali moja tu lilibaki, nalo lilimkaa Darka kooni kama mwiba wa samaki: kwa nini Zenko hakuaga?

Na Jumatatu Zenko anapanda ndege tena, walisema mezani.

Walikula, wakanywa, wakaimba. Mwalimu Stefania, mashavu yamewiva, akaanza malalamiko yake ya kila mwaka.

"Darka, mama yako, Mungu amrehemu, aliniahidi boga. Nilisema nitamtuma mtu wa darasani alichukue. Mpaka leo sijaonja!"

"Mwalimu, jamani, si usamehe? Marehemu huyo!"

"Nimsamehe boga lile? Lilikuwa kubwa kama ndama!"

Zenko akaweka uma chini.

"Boga kubwa," akasema polepole. "Lina kovu ubavuni?"

Darka akamgeukia. "We umelijuaje?"

"Nilipewa mimi."

Kila mtu pale alijua maana yake. Kijana akileta posa na msichana hamtaki, hawamtukani, wanampakatisha boga, naye anapita nalo kijiji kizima watu wakimwona.

"Nilikuja Jumapili," Zenko akasema, akiangalia sahani. "Shati jeupe, tai ya baba. Nilitaka nikuone wewe kwanza, ndipo niwalete washenga. Mama yako akafungua mlango. Sijafumbua kinywa, akanipakatisha boga. 'Chukua, mwanangu, zito hilo, angalia mgongo.' Akafunga."

"Alidhani umetumwa na Mwalimu!"

"Ningejuaje, Darka?"

"Ungeuliza!" Sauti yake ilipasuka. "Miezi yote ile kazi yako ilikuwa kuuliza, wewe mtu!"

"Nilikuwa na boga mikononi," akasema Zenko, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu Stefania alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mjinga ni mimi," akasema. "Nilisahau kumtuma mtu." Akajipangusa macho kwa kitambaa cha meza. "Na boga ulilipeleka wapi, we Zenko?"

"Nililitupa mtoni."

"Boga langu!"

Hapo ndipo wakacheka, Darka naye, huku machozi yanamtoka. Alimlilia mama yake na wema wake wa haraka haraka. Aliwalilia pia wale vijana wawili. Hakumlilia Roman kwa majuto, na hilo lilimpa amani. Zenko akachukua kofia yake. Mlangoni akageuka.

"Kesho Jumapili," akasema. "Nikipita kwako..." Sentensi haikufika mwisho. Akatoka.

Mwezi wa kumi huo, na bustani ya Darka ilikuwa imezaa kuliko mwaka wowote. Kulipokucha akavaa viatu vya mpira, akaanza kazi. Maboga yaliyokuwa barazani aliyasukuma kwa toroli hadi nyuma ya banda la ng'ombe. Ya bustanini aliyafunika kwa magunia. Jirani akamwita juu ya uzio, "Darka, vipi, unaficha mali?" naye akajibu, "Ficha na yako, tafadhali, yanaonekana!" Lile dogo la dirishani, la urembo tu, akalitia ndani ya oveni.

Zenko alifika amevaa tai. Alisimama langoni, akachungulia uani kushoto, akachungulia kulia, akatazama mikono ya Darka, ambayo alikuwa ameinyoosha wazi ili aione.

Akavua kofia, akauliza.