Uzito wa Mfarishi

Fundi wa magodoro alikuwa na imani moja: pamba haionewi huruma. Aliishindilia kwa rungu lake fupi mpaka godoro likaweza kusimama ukutani peke yake kama askari wa zamu, na mteja aliyelibonyeza kupima ubora aliumia yeye kidole. Mtaa mzima ulilalia kazi ya mikono yake. Kwa hiyo mama mkwe wake aliposema harudi tena kwenye dripu, Fundi hakubishana naye. Alikwenda kuchukua pamba.

“Kansa naiweza,” mama mkwe alikuwa amesema, kitambaa cha kichwa kimemteleza hadi kwenye nyusi kwa kukosa nywele za kukishika. “Baridi ndiyo siiwezi. Dawa ile inaingia mkononi kama maji ya barafu, inapanda begani, inashuka mgongoni, na mimi nimekaa pale natetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Blanketi lao linawasha. Jumatano msinihesabu.”

Mama Kibonge, binti yake wa pekee na mke wa Fundi, alimjua mama yake: hapana yake haikuwa na mlango wa nyuma. Na alikuwepo daktari aliposema uvimbe umeanza kusinyaa, ila dawa ikiachwa njiani utarudi na hasira. Basi akamfunga mtoto mgongoni, akakaa kwenye cherehani, akaunganisha viraka vya magauni ya zamani ya mama yake mpaka vikawa mfuko wa mfarishi, blanketi la kujazwa pamba, mpana kama kitanda. Fundi akaujaza. Aliujaza kwa upendo wote aliokuwa nao, na rungu.

Mfarishi ule waliubeba wawili. Walipomfunika mgonjwa, kitanda kililia. Kisha sauti ikatoka chini kabisa:

“Mkwe wangu, umenifunika au umenizika?”

Walicheka wote, hata Kibonge mgongoni, aliyekuwa anacheka kila akisikia watu wanacheka. Lakini Mama Kibonge akaona vidole vya mama yake vimeshika ukingo wa mfarishi, vinausukuma, na ukingo hausogei. Mama huyu alikuwa dobi. Alikuwa akiinua blanketi lililolowa, zito kama ndama, akalirusha juu ya kamba kwa mkono mmoja huku anasimulia umbea. Kicheko kikamkauka Mama Kibonge mdomoni.

Fundi naye aliona. Aliuondoa mfarishi, akatoka akiuburuta.

Mama Kibonge alimkuta karakanani ameupasua, ameketi katikati ya pamba kama kuku aliyejinyonyoa mwenyewe.

“Kazi yangu ni kuweka kitu chini ya mtu, Mama Kibonge,” alisema. “Juu ya mtu sijawahi.”

“Basi tujifunze. Nipe hapa.”

Alichukua donge la pamba dogo kama ndimu, gumu, akaanza kulichambua kwa ncha za vidole kama anavyochambua nywele za mtoto zilizoshikana. Donge likawa chungwa. Likawa kichwa cha mtu. Akaendelea, maana lilikuwa bado linakuja, uzi baada ya uzi, kama lilikuwa linangoja siku zote kuombwa kwa adabu. Alipoliachia ili ajikune pua, halikuanguka. Lilikaa hewani mbele ya macho yake, kwenye mwanga wa dirisha, likazunguka polepole.

Hakuna aliyepumua. Mama Kibonge alikuwa ameishi na pamba tangu aolewe. Ameifagia, ameitoa kwenye chai, ameitoa masikioni mwa mtoto, na kumbe hakuwa anaijua hata kidogo.

“Wewe,” Fundi alinong'ona, “miaka yote hii nimekuwa nampiga nani?”

Kibonge akapiga chafya, na wingu lote likahamia upande wa pili wa karakana.

Tangu hapo walichambua pamoja, mlango umefungwa kwa sababu ya upepo, Fundi na vidole vyake vinene akichambua kama anayetoa mwiba kwenye mguu wa ndege. Viraka vilikuwa vizito mno, wakaviacha. Wakachukua shuka kuukuu ambazo mama mwenyewe alizifua mpaka zikawa laini kama sikio la mtoto mchanga, wakazichemsha, maana nesi alishaonya juu ya usafi. Pamba waliitandaza nyembamba hadi ukiweka kiganja chini yake unakiona. Hawakuishonea mistari wasije wakaibana. Waliishikiza kwa uzi hapa na pale tu, isikimbie.

Jumatano asubuhi Mama Kibonge alikata uzi wa mwisho kwa meno.

“Nitakwenda nione hicho kitambaa chenu,” mama alisema. “Lakini baridi ikinigusa nanyanyuka, hata kama sindano iko mkononi. Nisije nikaambiwa sikusema.”

Chumba cha dawa kilikuwa na viti vya kuegemea, na kiyoyozi kilichonguruma bila kumhurumia mtu. Fundi alisimama mlangoni na mtoto, kwani msindikizaji aliruhusiwa mmoja. Nesi alipotafuta mshipa, mama alifumba macho kama kawaida yake, akakaza taya kusubiri baridi. Tone la kwanza likashuka.

Mama Kibonge akakunjua mfarishi, akauachia. Haukuanguka. Ulishuka taratibu, ukamfuata mama yake goti kwa goti, mbavu kwa mbavu, ukatulia kidevuni.

Walingoja. Matone yalishuka. Mama bado amekaza taya.

“Nyie,” akasema mwishowe, macho amefumba, “mbona hamnifuniki? Mnangoja nigande?”

Nesi akaziba mdomo kwa kiganja.

“Mama,” alisema Mama Kibonge, “umefunikwa kitambo.”

Likafumbuka jicho moja, kisha la pili. Mama aliutazama mfarishi kwa muda. Akapeleka kidole kimoja chini yake, akainua, na shuka ikanyanyuka. Akautazama mlango.

“Mkwe wangu, pamba umeitia kweli?”

“Ipo, mama.”

“Mh.” Akashusha kidole. Taya lilikuwa limelegea, na mabega nayo. “Basi asiniamshe mtu.”

Akalala. Kwenye kiti hicho hakuwahi kulala hata siku moja.

Kila usiku tangu ugonjwa uanze, Mama Kibonge alikuwa akitega sikio kwenye mlango wa mama yake kusikiliza kama anapumua. Sasa hakuhitaji sikio. Kitu chepesi namna ile hakikuweza kuficha hata pumzi ndogo: kifua kiliposogea, mfarishi wote ulisogea, tangu kidevuni hadi vidole vya miguu.

“Unapanda,” Fundi alinong'ona kutoka mlangoni, mtoto amemwegemea shingoni.

“Naona.”

“Unashuka.”

Mama Kibonge akavuta kiti, akakaa kutazama.