Mrija wa Elida

Nasema wazi: wivu ulinila. Si wivu wa mwanaume. Huo Elida na mimi tuliumaliza zamani, waume wetu wote wawili wako makaburini na hakuna wa kugombaniwa. Nilimwonea wivu Nidia, aliyerudi hapa mjini kwetu Salto baada ya kuzeekea Hispania, na kabla hajamaliza kufungua masanduku yake akanichukulia rafiki yangu Elida.

Kila alasiri Elida na mimi tulitoa viti nje, ukingoni mwa barabara, mbele ya mlango wake. Chupa ya maji moto chini, kibuyu cha yerba, majani yetu ya kunywa kama chai, mkononi. Mmoja anamimina, mwenzake anafyonza kwa mrija mpaka kibuyu kilie, anakirudisha, kinajazwa tena. Kumimina ilikuwa kazi yangu, na ni Elida aliyenifundisha, nilipokuwa mwali wa juzi na mama mkwe wangu ananicheka. Alinifundisha kuacha upande mmoja wa majani ubaki mkavu, kilima kidogo, ili ladha isiishe upesi. Na alikuwa mkali juu ya jambo moja: anayepewa haugusi mrija. Ukiukoroga umezamisha kilima, na umemwambia aliyekumiminia kwamba hajui kazi. Mkwe wake aliwahi kuukoroga, akanyimwa yerba majira yote ya baridi.

Basi akaja Nidia na klabu yake ya wastaafu. Mara kwaya, mara karata za kufunika mezani ili mtu akumbuke ipi iko wapi. Mazoezi ya ubongo, alisema. Ubongo wa Elida una kasoro gani, nilijiuliza, mwanamke anayejua siku ya kuzaliwa ya kila mbwa wa mtaa huu? Lakini Elida alirudi kutoka huko akiimba, midomo ameipaka rangi, na kwangu alileta habari moja tu: Nidia kasema hivi, Nidia kasema vile. Roho iliniuma nikashindwa hata kula.

Alasiri moja nikampa kibuyu. Akashika mrija, akakoroga.

"Elida, una nini wewe?"

"Nina nini?" Akakoroga tena, huku ananitazama usoni.

"Kama yerba yangu imekuwa mbaya, si akumiminie huyo Mhispania wako!"

"Labda," akasema taratibu. "Nidia ana mkono mzuri."

Nikachukua chupa yangu nikaenda zangu. Kwangu ni ng'ambo ya barabara, kwa hiyo sikwenda mbali, na nyuma ya pazia niliona kila kitu. Nilimwona Nidia kwenye kiti changu. Nilimwona akimimina maji yanayotokota, kosa ambalo hata mtoto wa hapa hafanyi, maana yanaunguza majani. Elida alikoroga, Nidia akacheka, Elida naye akacheka. Mvua iliponyesha nilikaanga torta zetu za siku ya mvua, vile vimkate bapa vya mafuta, nikazila peke yangu kwa hasira mpaka tumbo likakataa. Nilimwombea Nidia mafua.

Badala yake akaja mwenyewe kubisha geti langu.

"Bi Zulma, fungua."

"Umekosa nini tena kwangu? Kiti umeshachukua. Au unamtaka na paka?"

"Mtake radhi Mungu, mwanamke wewe. Nimekuja kwa ajili ya Elida. Anakoroga kahawa isiyo na sukari. Jana nimemkuta anakoroga udongo wa chungu cha maua kwa kijiko. Hilo umeliona?"

"Mimi ananikorogea kwa dharau."

"Dharau gani? Hajui anachofanya! Daktari kasema kumbukumbu zinamponyoka. Unadhani namkokota klabu kwa raha zangu, na magoti haya? Anapoimba anatulia. Anapokaa peke yake analia. Na wewe umejifungia humu na pazia lako, mtaa mzima unaliona linavyotikisika."

Elida, aliyemnyima mkwe wake yerba kwa kosa hilohilo, angekorogaje mrija kama ana akili yake yote? Ningepaswa kujua siku ileile. Na bado, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonichoma hakikuwa huruma. Kilikuwa wivu kwamba Nidia ndiye aliyeona mapema.

Nikachemsha maji, nikayaondoa kabla hayajatokota, nikavuka.

Elida alikuwa amekaa nje. Aliniangalia, akatabasamu.

"Karibu, Nidia," akasema.

Kidogo nigeuke nirudi. Nikajikaza nikakaa kwenye kiti changu.

"Zulma haji siku hizi," akaniambia, kwa sauti ya kunong'ona siri.

"Zulma ndiye nani?" nikauliza, kwa uchungu tu.

"Humjui? Rafiki yangu. Usinichukie, Nidia, lakini hakuna anayemimina kama yeye. Yako inaunguza ulimi." Akacheka, kisha uso ukamsinyaa. "Amenikasirikia. Sijui nilimfanyia nini. Nawaza, nawaza, sikipati. Ukimwona, mwambie kiti chake kipo."

Nilimwonea wivu huyo Zulma kuliko nilivyowahi kumwonea Nidia. Mwanamke anapendwa hivyo, naye amekaa nyuma ya pazia.

Nikamimina. Cha kwanza nikanywa mwenyewe, kama alivyonifundisha. Cha pili nikampa yeye. Akashika mrija, akakoroga polepole, kilima chote kikazama. Nikaiweka mikono yangu mapajani. Akafyonza, akafumba macho.

"Hii ni kama ya Zulma," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Lete nikujazie."