Vifaranga wa Tahseen

Tahseen alimwekea kuku wake mwekundu mayai kumi na moja ya kuatamia, na siku ya kumi akafariki dunia. Kuku hana habari ya matanga. Aliendelea kulalia mayai yake, na siku kumi na moja baada ya maziko, nyumba ile ya Kibokoni bado ikinuka ubani, vifaranga tisa wakatoka. Mayai mawili yalikuwa viza. Juzer, mume wa marehemu, aliwatazama pale uani akaona kazi ya mwisho ya mikono ya mkewe ikitembea kwa miguu. Akaapa hatapotea hata mmoja.

Siku ya pili walikuwa wanane. Siku ya tatu, saba.

Juzer alikuwa ameuza vyuma Ndia Kuu maisha yake yote, na mtu wa vyuma dawa yake ya kila maradhi ni msumari. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akimtazama paka wa jirani yake Fadhiya kwa jicho la hakimu. Paka mwenyewe kibogoyo, panya wanampita. Juzer akalizungushia tundu la kuku wavu wa chuma, akatia bawaba mpya, akatia na kufuli ambayo ingetosha lango la benki. Magharibi alihesabu vifaranga, akafunga. Saa mbili asubuhi, akishuka kunywa chai, alihesabu tena, na kila mara walikuwa wamepungua.

Fadhiya, kwa kumtetea paka wake, akashauri vifaranga wapakwe buluu ya kufulia ili adui asiwatambue. Wakapakwa. Wawili wa buluu wakaenda vilevile.

Juzer alianza kushindwa kula. Kila kifaranga aliyepotea alimzika Tahseen upya.

Walipobaki watatu, asubuhi moja maji ya mfereji yalikuja, na Kanze, mama wa Kigiriama aliyefanya kazi nyumba ile miaka kumi na sita, akawahi kabla ya saa zake ili ajaze mapipa. Juzer akamsikia kutoka kitandani akipiga kelele. Aliteremka na mkono ukutani kwa ajili ya magoti. Uani, tundu lilikuwa wazi. Kunguru wanne walikuwa juu ya ukuta, na mmoja alikuwa na kitu cha buluu mdomoni.

"Nani amefungua tundu?" Kanze aliuliza.

"Mimi. Nikishaswali alfajiri hushuka nikafungua, kisha narudi kulala. Si ndivyo Tahseen alivyokuwa akifanya? Miaka arubaini na moja nasikia komeo hilo likilia saa hizo."

Kanze akatua ndoo. "Mama alikuwa akifungua, mzee, kisha akiketi. Hapo kwenye ngazi, na fimbo na tasbihi yake, mpaka jua lipande na kunguru waende zao sokoni. Kuku ataka kutoka mapema, na kunguru nao walijua hilo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani wajua," Kanze alisema. "Mumewe ni wewe."

Alichokijua Juzer ni komeo tu. Usingizi ulikuwa ukimchukua hapo hapo, na alipoamka alinung'unika kwamba chai imechelewa, kwamba mwanamke huyu asubuhi hushinda wapi. Hakwenda kutazama hata siku moja. Aibu ilimshika, akashindwa kumtazama Kanze usoni.

Kesho yake alifungua tundu, akaketi. Jiwe la ngazi lilikuwa baridi. Kunguru walipokuja aliwatikisia fimbo, akawatukana kwa Kigujarati hadi wakahamia paa la pili. Kukapambazuka polepole. Vifaranga wawili, buluu imeanza kuwatoka, walichungulia chini ya bawa la mama yao, wakatoka, wakaanza kuchakura. Hapakuwa na honi wala kelele za mikokoteni. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku, naye hakuwahi kuijua. Akageuka amwambie mtu, na hapakuwa na mtu.

Kanze alipofika alimkuta akilia kwa sauti, fimbo imemwanguka. Akakimbilia tunduni, akidhani vifaranga wamekwisha. Wako wawili, wazima.

Akarudi, akaketi ngazi ya chini yake.

"Ningeshuka, Kanze," Juzer alisema. "Angeniita mara moja tu, ningeshuka."

Kanze alikuwa amempikia na kumfulia mzee huyu miaka kumi na sita. Akaiokota fimbo iliyoanguka. Juzer akangoja aambiwe kuwa ni kweli, na katika kungoja kule akakumbuka kwamba aliitwa, tena si mara moja, na kila mara alivuta shuka akajifunika.