Stika Kwenye Boneti

Betri mpya ilikaa mahali pake bila shida. Mzee Macho akakaza vichwa vyake kwa spana namba kumi, akafuta mikono kwenye suruali ya kazi, akaingia ndani na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Gari halikuguna hata kidogo. Kwenye dashibodi ikajitokeza taa ya njano yenye umbo la kufuli, ikakaa pale pale.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Kesho yake saa nne asubuhi mkewe alitakiwa awe kwenye mashine ya kusafisha damu, na hospitali ile haikuwa na masihara: ukichelewa, mashine anapewa mwingine, nawe unarudi nyumbani na sumu yako mwilini kungoja zamu ijayo. Mama, ndivyo alivyomwita mkewe, alikuwa barazani, miguu iliyovimba ameiweka juu ya stuli, akiwatazama.

Walikuwa wawili pale kwenye boneti, Macho na rafiki yake Spana, fundi wa kando ya barabara aliyekuja kumsaidia kunyanyua betri. Spana akashauri waitoe, waipachike upya. Wakaitoa, wakaipachika. Kufuli likabaki njano.

Jina la Macho hakupewa bure. Miaka thelathini alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo, na katika miaka hiyo hakuna nati iliyodondoka sakafuni asijue imetoka wapi. Gari lake la zamani alilitengeneza mwenyewe, kwa waya, kwa gundi, kwa matusi ya chini chini. Kazi ikimzidi ndipo humpelekea Spana, naye Macho huketi juu ya ndoo hapo hapo, jicho halibanduki mkononi mwa fundi. Ikiisha, hudai kifaa kibovu kilichotolewa. Spana humfungia kwenye gazeti bila kinyongo, kwa sababu fundi mwaminifu hubadilisha kitu na kukuonyesha ulichobadilishiwa. Vifaa hivyo vilijaa makopo matatu chini ya kitanda. Mama alikuwa akimtania kwamba siku moja vitajiunga vyenyewe usiku na kumpigia honi atoke kitandani.

Lakini vipuri vya gari lile vilikauka madukani. Watoto wakachangishana, wakaleta hili, karibu jipya, ili mama yao asafiri kwa raha. Kijana wao mkubwa alisema kwa majivuno kuwa gari hili linajitunza lenyewe. Macho tangu siku ile hakulipenda. Alifungua boneti akakuta plastiki nyeusi imefunika kila kitu, kama sufuria ya mtu asiyetaka wageni wajue anapika nini.

Sasa, jioni ile ya Alhamisi, aliangalia gari, akaangalia betri, kisha jicho likaenda likatua kwenye mkoba wa Spana. Alikumbuka kwamba aliingia ndani kunywa maji, akamwacha Spana peke yake na gari. Dakika mbili, pengine tatu. Mtu anayejua kazi dakika tatu zinamtosha kuchomoa kitu kidogo cha maana. Akaona aibu kuwaza hivyo, na bado akawaza.

"Nilipoingia ndani," alisema, "uligusa nini?"

Spana aliuinua mkoba wake. Kisha akaupindua chini mchangani. Koleo, kitambaa chenye grisi, miwani iliyofungwa uzi, nusu ya mkate ndani ya mfuko. Akatoa na mifuko ya suruali nje, ikabaki inaning'inia kama masikio.

"Tazama vizuri," akasema. "Miaka kumi na tisa hukuwahi kunipekua. Tazama."

Na Macho, Mungu amsamehe, akatazama. Aliinama kabisa, akakisogeza kitambaa kwa kidole. Barazani mkewe akageuza uso pembeni. Spana alikusanya vitu vyake kimoja kimoja, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa walikwenda hospitali kwa pikipiki ya kukodi, mama katikati, Macho nyuma akimshikilia asidondoke. Jumamosi gari likavutwa kwa kamba hadi kwenye kituo cha kampuni iliyolitengeneza, kwa sababu mafundi wengine wote walilitazama lile kufuli na kutikisa vichwa.

Kituo kilikuwa na sakafu ya kung'aa kuliko wodi. Hapakuwa na harufu ya oili, jambo lililomtia shaka toka mlangoni. Alitaka kulifuata gari lake ndani, akaambiwa wateja hawaruhusiwi, aketi kwenye kochi nyuma ya kioo. Kioo chenyewe kilikuwa na ukungu hadi usawa wa kichwa. Akasimama kwa ncha za vidole. Hakuona kitu ila mapaa ya magari.

Baada ya saa mbili akaitwa mezani. Mhudumu alikuwa dada mmoja wa umri wa binti yake wa mwisho, mpole, kucha safi.

"Mzee wangu, nani alifungua boneti?"

"Haijafunguliwa."

Dada yule hakubishana naye. Aligeuza skrini ya kompyuta imwelekee, akasoma kwa sauti ya upole kama anayemsomea mgonjwa dawa zake. Alhamisi saa kumi na dakika saba, imefunguliwa. Saa kumi na moja kasorobo, imefungwa. Saa kumi na moja na dakika mbili, imefunguliwa tena.

"Nani kasema hayo?"

"Gari lenyewe, mzee wangu."

Macho aliisogelea skrini, akasoma mwenyewe. Akaelezwa kwamba hakuna kilichoharibika wala kilichopotea. Betri ilikuwa nzima. Kosa ni kwamba iliwekwa na mtu asiyeruhusiwa, gari likaikataa, kwa kuwa betri mpya ni lazima itambulishwe kwa gari na mtambo wa kampuni. Wao wameshaitambulisha. Kisha ikasogezwa mbele yake ankara ya malipo, na hapo ndipo zilipokwenda fedha zote alizokuwa amedunduliza kidogo kidogo kwa ajili ya mabati ya paa la jikoni.

"Nipe kifaa mlichotoa," akasema.

"Hatukutoa kitu."

"Basi mlichotia."

"Hatukutia kitu, mzee wangu."

"Sasa ninalipia nini?"

"Unalipia kufunguliwa," akajibu yule dada, akamwonyesha mahali pa kutia saini.

Karatasi ilisema kwamba yeye, mwenye gari, hatafungua tena boneti wala kumruhusu mtu mwingine aifungue. Ikifunguliwa, gari litafungwa kutoka mbali, na kampuni haitalazimika kulifungua. Alisoma mara mbili akitafuta mlango wa kutokea, hakuuona. Jumanne mkewe alikuwa na zamu nyingine. Akatia saini. Alipotoka nje alikuta wameshabandika stika ya rangi ya fedha, nusu kwenye boneti, nusu kwenye bampa, ili ichanike boneti ikifunguliwa.

Njiani alipanga maneno ya kumwambia Spana. Aliyapanga vizuri, hata lile gumu la kuomba radhi. Banda la Spana lilipotokea alipunguza mwendo, na Spana, aliyekuwa amelala chini ya gari la mtu, akatoa kichwa na kuinua mkono. Ndipo wazo likamjia Macho: gari lililojua saa na dakika ya kufunguliwa boneti, lingeshindwa nini kujua limesimama kwa fundi gani? Akakanyaga mafuta. Kwenye kioo aliuona ule mkono ukishuka taratibu. Akajichukia hadi nyumbani.

Toka siku hiyo hakuzungumza ndani ya gari. Mama akianza habari yoyote, yeye huweka kidole mdomoni. Mkewe alimwuliza kama anaogopa gari litasikia na kumchongea yeye mkewe kwamba anaye bwana mwingine. Macho hakucheka.

Jumanne walitoka mapema. Katikati ya safari akasikia mlio mwembamba, kisha harufu tamu ya maji ya rejeta, na uzi wa mvuke ukapanda ukingoni mwa boneti. Akaegesha kando, mbele ya geti la bohari moja. Hakuhitaji kompyuta. Klampu, ile pete ya chuma inayobana paipu ya maji, imelegea. Dakika ishirini za kuacha ipoe, mbili za bisibisi, chupa ya maji, basi.

Akapiga simu kituoni. Sauti ikamwambia gari la msaada litafika ndani ya saa tatu, na kumkumbusha asiguse kitu. Aliangalia barabara: haikupita pikipiki wala chochote ila malori.

"Ni nini?" mkewe aliuliza.

"Klampu."

"Klampu tu?"

"Klampu tu."

Mama alikuwa amejiegemeza mlangoni, uso umevimba chini ya macho, pumzi fupi fupi. Ilikuwa saa tatu na dakika tano, na zamu yake ilikuwa saa nne. "Baba," akasema polepole, "mimi sina saa tatu za kungoja. Fungua."

Macho alitoa bisibisi chini ya zulia. Karibu na kioo cha mbele kulikuwa na kitaa chekundu kilichokuwa kikiwaka na kuzimika. Akavua koti, akalining'iniza juu yake, gari lisimwone. Akashuka, akazunguka hadi mbele, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama na kuweka ukucha kwenye pembe ya stika. Ilikuwa imeshika sana.

Geti likalia. Mlinzi wa bohari alitoka na rungu lake, akasimama hatua chache akimkagua kutoka viatu hadi bisibisi, kama Macho mwenyewe alivyokagua watu maisha yake yote.

"Mzee," mlinzi akasema, "gari hilo ni lako?"

Macho alifungua mdomo. Mfukoni, ile karatasi yenye saini yake ilikuwa imekunjwa mara nne. Nyuma ya kioo chenye mvuke, mkewe alikuwa ameinua kichwa, naye akisubiri jibu.