Ndimu za Bonge

"Kama umefuga ng'ombe huko juu, sema tukuletee majani!"

Mama Kantini alikuwa katikati ya ngazi, aproni keshaifunga, kwa kuwa ndiye anayewapikia wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro. Aliyekuwa akitukanwa alisimama mlangoni ghorofa ya juu, utepe wa kupimia shingoni: fundi cherehani wetu, Bonge. Jina lilibaki tu, kama kibao cha duka lililohama. Bonge mwenyewe siku hizi gauni linamning'inia kama limeanikwa.

"Ng'ombe gani, jirani? Nashona."

"Unashona kwa visigino? Kila usiku gu! gu! gu! juu ya kichwa changu. Mimi alfajiri masufuria yananingoja."

"Nisamehe, mama. Nimechoka, tusigombane."

"Umechoka wewe? Mimi niliyekosa usingizi nisemeje?"

Sisi wengine tulishafungua milango. Ugomvi wa ngazini hauna kiingilio, na chai huwa inanoga zaidi ukiinywa umesimama.

"Na si visigino peke yake," Mama Kantini akaendelea, maana mtu akishaanza kutapika nyongo haachi nusu. "Mwaka mzima nakukaribisha kwangu. Unakorogakoroga chakula, unakisukuma pembeni, halafu eti umeshiba. Umeshiba nini, upepo? Au unaniona mchawi?"

Neno hilo likishatoka halimezeki tena.

Bonge akafungua mdomo ajibu. Kilichotoka ni "Yalaa!" Akakamata chuma cha ngazi, uso ukakunjamana, akateleza mpaka akakaa chini. Kigimbi cha mguu wa kulia kilikuwa kimejikunja kama ngumi chini ya ngozi. Akaanza kupiga kisigino sakafuni: gu! gu! gu!

Mama Kantini akaitambua ile sauti. Alipanda ngazi zilizobaki mbilimbili, na mwili ule wake, akapiga goti.

"Nyoosha goti. Lete mguu." Akaushika unyayo, akavisukuma vidole kuelekea juu, taratibu. "Na mimi mguu hunikaza, siku nikisimama sana jikoni. Lakini hunipata kwa nadra. Wewe kila usiku?"

"Kila usiku. Sakafu ya baridi ndiyo inayonisaidia kidogo." Jasho lilikuwa limemtoka. Kitambaa cha kichwa kilisogea, tukaona nywele zilivyopungua, kichwa kama nguo ya viraka. Hakuhangaika hata kukirekebisha.

"Bonge, unaumwa nini?"

Akatutazama sote tuliojipanga na vikombe vyetu. Nadhani alitafuta uongo mwingine, akakosa nguvu ya kuubeba.

"Nilikatwa tumbo."

"Na nani?"

"Na daktari, mama. Ile safari niliyowaambia nakwenda kumuuguza dada. Walilipunguza, limebaki jembamba kama ndizi. Ndiyo maana sahani yako inanishinda. Vijiko vichache tu, nikizidisha, natapika. Si uchawi."

"Na ndimu?"

Hapo ndipo penyewe. Bonge alipopungua, tulimwuliza siri, akatuambia maji ya moto na ndimu. Jengo zima tukakamua. Hakuna dirisha lisilokuwa na maganda.

"Ndimu niliitunga," akasema.

"Toba!" akaruka Mama Kantini. "Mimi kiungulia kimenimaliza, kilo zangu ziko palepale, kumbe nakunywa hadithi!"

Mtu mmoja akacheka chini huko, akajifanya anakohoa. Bonge hakucheka. Alieleza huku akiukanda mguu, sauti haina hata hasira. Daktari alimwambia wazi: tumbo hili halitakulisha vya kutosha, hivyo vidonge ni vya maisha. Vya chuma vya kuongeza damu, vya kuimarisha mifupa, vya vitamini. Kila kimoja na saa yake, na vile vya chuma visigusane na chai. Lakini chupa azifiche wapi? Mlango wake haufungwi. Anayekuja kupima nguo anajifungulia kabati kama la mama yake. Akazizika ndani ya kopo la vifungo. Wateja wakiwepo hawezi kulifungua, na wateja wapo daima. Wakitoka, anabugia vyote kwa mkupuo, na chai juu. Vilipoisha hakurudi kliniki.

"Kwa nini, lakini?"

"Mlikuwa mnanisifu. Maisha yangu yote sijawahi kusifiwa kwa mwili. Niliona aibu kusema nilipasuliwa."

Akaonyesha kidole kilichofungwa kitambaa. Jana yake mguu ulikaza juu ya pedali, cherehani ikakimbia, sindano ikapita kwenye ukucha. Sare za shule zimejaa kitandani, hazijapata hata mikono.

"Miguu hii ndiyo inayonilisha, mama. Ikiniacha, nimekwisha."

Mama Kantini alikaa naye kwenye ngazi, akashusha pumzi ndefu. Hasira ilikuwa imemtoka ikabaki uchovu, na uchovu wa wawili hao ulifanana kama ndugu.

"Mimi dawa sizijui," akasema, "najua kupika. Leo nikitoka kazini tunakwenda kliniki wote, wakupime damu, wakupangie upya. Na hizo chupa utaziweka mezani. Anayetaka kuchungulia, achungulie."

"Watanisema."

"Watakusema, ndiyo. Hawa?" Akatunyooshea kidole. "Wiki hii wewe, wiki ijayo mimi. Ninyi nanyi, chai haijaisha tu?"

Tukarudisha vichwa ndani, milango tukaiacha wazi kidogo.

Alimshusha Bonge ngazi moja moja, huyu akichechemea, yule akilalamika kuwa kazini atachelewa. Mlangoni kwa Mama Kantini, Bonge akasita, mkono kwenye fremu, kama alivyositasita mwaka mzima.

"Sitamaliza, mama."

"Nani kakwambia umalize? Nina yai na maharage, nitakuwekea kwenye kisosi. Ukichoka, weka kijiko chini, sisemi neno." Akausukuma mlango kwa nyonga. "Karibu ndani, tule."