Mikanda Msumarini

Duka la Mzee Hilali pale Kasulu lilikuwa na cherehani tano na msumari mmoja. Msumari ulikuwa ukutani, juu ya kabati la nyuzi. Fundi yeyote akifiwa, Mzee hakuuliza marehemu ni nani wala undugu wao ukoje. Alipita cherehani moja moja, akavua mikanda ya ngozi inayozungusha magurudumu, akaitundika yote pale msumarini. Cherehani bila mkanda ni meza tu. Basi hapo duka limefungwa, na sote tunakwenda msibani, Waislamu kwa Wakristo, na mteja anayedai suruali yake ya harusi aoe na kaptula.

Sokoni walimcheka. "Hilali, mwaka huu umefunga duka mara mbili kwa bibi wa fundi wako Athuman!"

"Alikuwa na bibi wawili," Mzee akajibu. "Nifanyeje?"

Mimi Tunu kazi yangu ilikuwa vifungo, pindo na maneno. Fundi hasa alikuwa Nsengimana, aliyekalia cherehani ya dirishani. Aliingia nchini mwaka sabini na mbili akikimbia mauaji ya Burundi, yeye, mkewe Immakulata, na binti yao Niyibizi mgongoni kwa mama. Upande huu wa mpaka hakuwa na mjomba wala binamu. Mwaka uliofuata Immakulata akajifungua mtoto asiye na uhai. Nsengimana akaja kazini asubuhi kama kawaida, akaketi, akaweka mikono magotini. Hakugusa kitambaa. Mzee akamtazama kidogo tu, akainuka, akaanza kuvua mikanda. Siku ile Mzee mwenyewe, na tumbo lake lile, alishika jembe akachimba kaburi la mtoto wa watu.

Baada ya hapo Pasikali, mwenye duka la ushonaji Kibondo, alimvizia bure. Kila akija kununua vitambaa alimpitia dirishani. "Fundi, hamia kwangu. Mshahara mnono, na nyumba juu."

"Ego, ndiyo, nimesikia," Nsengimana alisema bila kusimamisha mguu. "Na huko kwako nani atanizika?"

Pasikali akacheka akidhani ni utani. Mtani wa duka lile nilikuwa mimi; Nsengimana hakuwa na utani.

Mwaka sabini na saba Mzee akaanguka kiharusi. Ulimi ukafa pamoja na mkono, na duka likashikwa na mwanawe, Dadi, aliyekuwa Tabora akifanya kazi ya ukarani. Msimtupie mawe bado, Dadi hakuwa mtu mbaya. Mwaka huo watoto wote waliambiwa waende shule, na kila mtoto ana makalio yanayotaka kaptula ya kaki. Kazi ilitufunika. Usingizi wa Dadi ulikatizwa na jambo moja tu: Nsengimana akiondoka, sare za shule hazitakamilika na jina la baba yake litaharibika. Kwa hiyo akamwongezea mshahara. Akamnunulia mkasi mpya. Akaweka na redio juu ya kabati ili tushone kwa muziki.

Kisha akatangaza kwamba mikanda haitavuliwa tena. Aliyefiwa ataruhusiwa kwenda, duka litampa sanda, sukari na mchele, wengine wataendelea na kazi. "Msiba hauhitaji mafundi watano," alisema.

Athuman akanitazama, akingoja niseme kitu. Nikasema, "Bwana Dadi, sasa ubwabwa tutaula wapi?" Tukacheka, yeye pia, tukarudi kwenye kaki.

Mvua zilipoanza, surua ikaja nazo. Niyibizi alikuwa aanze shule. Sare yake baba mtu aliishona wakati wa mapumziko, vifungo nikatia mimi. Asubuhi moja Nsengimana akaingia dukani, akaketi kwenye cherehani yake, akaweka mikono magotini.

Sote tulielewa. Dadi naye alielewa. Alimwendea, akamshika bega, machozi yakamlenga kwelikweli. Akakata bafta nyeupe ya kutosha watoto watatu, akafunga sukari na mchele. "Pole sana, fundi. Kaa nyumbani mpaka moyo utulie. Mshahara wako hautaguswa."

Nsengimana hakuinuka. Alikuwa akitazama mikanda. Alitazama wa Athuman, akatazama wangu, akatazama msumari. Redio ilikuwa ikiimba. Mwishowe akachukua kile kifurushi kwa mikono miwili, kama mgeni aliyepewa zawadi, akatoka.

"Bwana Dadi," nikasema.

"Haya, Tunu, nenda wewe. Utuwakilishe."

Nimewahi kuona wawakilishi wa chama na wa ushirika. Mwakilishi wa kilio nilikuwa wa kwanza.

Nsengimana aliishi njia ya kwenda Makere, katika kijiji kilichoanzishwa juzijuzi. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kutoka kila kilima, wengi hawakujuana majina, na siku ile walikuwa mashambani wakiwahi kupanda maharage. Nilimkuta yeye na katekista Nestori wakichimba, wawili tu. Immakulata alikuwa ameketi chini karibu na sanduku la Niyibizi, na bibi mmoja jirani amemshika mkono.

Nsengimana akainua uso, jembe mkononi, jasho na matope mashavuni. Akatazama barabara nyuma yangu.

"Dada Tunu. Wengine wako nyuma?"

Nikachukua jembe la Nestori nikachimba. Kila nilipopumzika nilimwona anatazama tena ile barabara. Tulizika, tukanawa mikono, na bado alitazama.

Matanga yalipokwisha akarudi kazini. Akamaliza kaptula zote alizokuwa amekwisha kata, akazikunja. Kisha akavua mkanda wa cherehani yake, akautundika msumarini, peke yake.

Dadi akaruka kitini. "Pasikali amekuahidi nini? Niambie, mimi nitazidisha."

"Hajaniahidi kitu. Sijaonana naye."

"Basi kwa nini? Fundi, nimekunyima nini?"

Nsengimana alifikiri, kama mtu anayetafuta jibu lisiloumiza. "Hujaninyima kitu, bwana. Ulinipa vyote mkononi, nikaenda navyo." Akachukua kofia yake. "Huko Murungu, upande wa Kibondo, kuna watu wa kwetu. Tukifa, watakuja."

Mzee Hilali alipoambiwa, aligeuza uso ukutani. Hakumaliza miezi mingi. Alifariki saa za isha, na dereva wa lori aliyekuwa anakwenda Kibondo akaondoka na habari.

Asubuhi Dadi alifika dukani kabla yetu. Tulimkuta anavua mikanda. Alikuwa hajui namna ya kuivua. Vidole vilikuwa vimemchubuka. Hakuna aliyemsaidia.

Jeneza lilikuwa limekwisha kutolewa nje lori lilipofika limejaa matope. Nsengimana akashuka. Akavua kofia, akamwendea Dadi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Dadi akasema, "Umekuja."

"Wengine wako nyuma," Nsengimana akasema.

Na kweli, Pasikali, ambaye sasa Nsengimana alimshonea, alikuwa anashuka, na mafundi wake wote, na wazee wa Murungu ambao hawakuwahi kumwona Mzee Hilali hata siku moja. Kibondo siku ile hakikushonwa kifungo.

Baada ya mazishi Dadi alimfuata hadi kwenye lori. "Rudi, fundi. Nimeanza tena kuvua mikanda."

"Nimeona," Nsengimana akasema kwa upole. "Uivue hivyohivyo, kwa hawa ulio nao." Akapanda.

Mvua za mwaka uliofuata mama yake Athuman akafa. Dadi akazunguka, akavua mikanda minne, bila kuulizwa. Cherehani ya dirishani hakuigusa. Mkanda wake ulikuwa msumarini tangu siku ile, umekauka na kupasuka, na ile minne akaitundika juu yake.